John Johnston: Mhamiaji aliyezika vigae shambani akageuza njia ya maji ya Marekani

Katika safu hii tumezoea kuwaletea habari za wahamiaji waliopata majina kwa siasa, biashara, muziki au mpira. Leo tumeamua kumleta mhamiaji wa aina nyingine kabisa. Huyu hakugombea cheo wala hakujenga benki. Alichimba mitaro shambani kwake, akaweka vigae vya udongo chini, akavifukia, na majirani wakamcheka. Zaidi ya miaka 140 tangu afariki, sehemu kubwa ya chakula cha Marekani inatoka katika mashamba yanayotumia njia aliyoileta yeye. Na maji ya mfereji wanayokunywa maelfu ya watu, wakiwemo ndugu zetu wengi waliofikia majimbo ya Iowa na Ohio, yanapita katika njia hiyo hiyo.

Jina lake ni John Johnston. Wamarekani wanaojua historia ya kilimo humwita baba wa mifereji ya vigae katika nchi yao. Alizaliwa Scotland mwaka 1791 na akafariki katika jimbo la New York mwaka 1880. Kati ya miaka hiyo miwili kuna maisha ambayo sisi tulio ughaibuni tunapaswa kuyajua. Ndani yake mna jambo zuri la kujivunia na mna deni ambalo mpaka leo halijalipwa.

MTOTO WA SCOTLAND

Scotland ni nchi ya mvua na baridi. Udongo wake katika sehemu nyingi ni mzito, na maji yakiingia hayatoki kwa urahisi. Mkulima wa huko alijua tangu zamani kwamba adui yake si ukame. Adui ni maji yaliyotuama chini ya miguu yake. Johnston alikulia katika mazingira hayo, na inasimuliwa kwamba babu yake ndiye aliyemtia kichwani imani kwamba ardhi yote, popote ilipo, inahitaji kutolewa maji. Somo hilo la babu halikumtoka mpaka kufa kwake.

Mambo haya hayakuanzia kwa ukoo wa Johnston. Warumi wa kale walijua kuchimba mitaro na kuifunika. Huko Uingereza, mwaka 1764, mkulima aitwaye Joseph Elkington wa Princethorpe alikuwa akihangaika na shamba lililolowa maji hata kondoo wake wakawa wanakufa kwa maradhi. Alichimba mtaro, haukusaidia. Kisha akachoma mtaimbo chini ya sakafu ya mtaro ule, na maji yakaruka juu kwa nguvu. Elkington aligundua kwa vitendo kwamba maji yale hayakuwa ya mvua iliyonyesha hapo. Yalikuwa ya chini ya ardhi, yametoka mbali, yamebanwa chini ya tabaka la udongo mgumu na yanatafuta pa kutokea. Mwaka 1795 Bunge la Uingereza lilimzawadia paundi 1,000 na pete ya dhahabu kwa ugunduzi huo.

Kwa hiyo Johnston alizaliwa katika kizazi kilichokuwa kimeanza kuelewa kwamba chini ya shamba kuna maji yanayotembea, na kwamba anayejua njia zake anaweza kuyaongoza. Wahenga wetu walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Wakulima wa wakati ule walianza kuinama.

SAFARI YA 1821

Mwaka 1821, akiwa na umri wa miaka 30, Johnston alihamia Marekani. Alinunua shamba upande wa mashariki wa ziwa Seneca, karibu na mji wa Geneva, katika jimbo la New York.

Hapa inatupasa tuseme jambo ambalo mara nyingi huachwa katika masimulizi ya aina hii. Ardhi ile haikuwa tupu. Ilikuwa nchi ya mataifa ya Seneca na Cayuga, wenyeji wa Amerika waliokuwa na vijiji, mashamba ya mahindi na bustani za matunda kandokando ya maziwa yale. Mwaka 1779, wakati wa vita vya uhuru wa Marekani, jeshi la Jenerali Sullivan lilipita huko likichoma vijiji na kukata miti ya matunda. Kijiji cha Kanadesaga, palipo Geneva ya leo, ni kimojawapo kilichoteketezwa. Baadaye ardhi iligawiwa askari na kuuzwa kwa walowezi. Johnston hakushiriki katika kuchoma vijiji, lakini shamba alilolinunua lilikuwa na historia hiyo. Sisi ambao wengine kati yetu tumeondoka makwetu kwa sababu ya watu wenye bunduki hatuwezi kulipita jambo hilo kimya.

Johnston alianza na mtaji mdogo. Udongo wa shamba lake ulikuwa wa mfinyanzi, mzito na wa baridi. Alipanda ngano, na ngano ilimtesa. Ekari moja ilimpa kama busheli 12 tu, yaani kilo 326 hivi, gunia tatu na ushei.

Kwa nini ngano haikustawi? Sababu ni mbili. Ya kwanza, mizizi nayo huvuta hewa. Udongo wenye afya una vijitundu vingi kati ya chembe zake, na baadhi ya vijitundu hivyo lazima viwe na hewa. Maji yakivijaza vyote kwa siku nyingi, mizizi hukosa pumzi na huoza. Ya pili ni baridi. Ngano ya sehemu zile hupandwa kabla ya majira ya baridi. Udongo uliolowa ukiganda, barafu huvimba na kuinua tabaka la juu. Likiyeyuka, udongo hushuka lakini mmea hubaki umeng'olewa nusu, mizizi ikiwa nje. Ikitokea hivyo mara kadhaa katika msimu mmoja, mkulima huamka na kukuta shamba limekufa.

Majirani zake walikuwa na tatizo hilo hilo na waliliona kuwa ni mapenzi ya Mungu. Johnston aliliona kuwa ni maji.

VIGAE KUTOKA NYUMBANI

Mwaka 1835 Johnston aliagiza kutoka Scotland vielelezo vya vigae vya mifereji. Alivipeleka kwa mfinyanzi mmoja wa mji jirani wa Waterloo, Benjamin Whartenby, ambaye kazi yake ilikuwa kutengeneza vyombo vya udongo. Whartenby akatengeneza vigae kwa mkono kwa kufuata vielelezo vile, na mwaka 1838 Johnston akaanza kuvilaza shambani.

Vigae vya mwanzo vilikuwa na umbo la kiatu cha farasi. Mtaro ulichimbwa kwa sururu na koleo, ukashuka chini kuliko jembe linavyoweza kufika. Vigae vikapangwa kimoja baada ya kingine kwenye sakafu ya mtaro, bila kuunganishwa kwa saruji wala chokaa. Kisha mtaro ukafukiwa, na ng'ombe wakapita juu na plau kama kwamba hakuna kitu. Maji ya ardhini huingia kupitia nyufa ndogo zilizo baina ya kigae na kigae, hutiririka ndani kwa mteremko mdogo, na kutokea kwenye mtaro wa wazi, kijito au ziwa.

Habari zilipoenea, watu walicheka. Ilisemwa kwamba Mskoti amerukwa na akili, anazika vyombo vya udongo ardhini. Wengine walimwona ni mtu anayetupa fedha zake shimoni, na kweli fedha alikuwa akiziweka shimoni. Vigae vilivyotengenezwa kwa mkono vilikuwa ghali, kuchimba kulikuwa ghali zaidi, na Johnston alilazimika kukopa. Mwaka mmoja mbaya ungetosha kumfilisi, shamba likanadiwa, na yeye akarudi kuwa kibarua katika nchi ya watu. Kila mhamiaji aliyewahi kuchukua mkopo ughaibuni anajua usingizi wa mtu wa namna hiyo ulivyo.

Lakini ngano ikamjibu. Pale palipolazwa vigae, mavuno yalipanda, na inaandikwa kwamba yalifika hadi busheli 60 kwa ekari, yaani zaidi ya kilo 1,600. Mara tano ya yale ya mwanzo. Fedha za mavuno ya kipande kimoja alizitumia kulaza vigae katika kipande kingine, na hivyo hivyo mwaka hadi mwaka. Mwishowe alikuwa na maili 72 za vigae, karibu kilomita 116, chini ya shamba lake la ekari 320. Alipoulizwa siri ya mafanikio yake alitaja vitu vitatu: samadi, mkopo na mifereji ya chini ya ardhi.

Mwaka 1848 jirani yake, John Delafield, aliagiza kutoka Uingereza mashine ya kutengenezea vigae, na bei ikashuka sana. Robert Swan, aliyemuoa binti yake Johnston aitwaye Margaret, naye akalaza zaidi ya maili 60 katika shamba lake la Rose Hill. Johnston mwenyewe aliandika barua nyingi katika majarida ya kilimo akieleza gharama na mavuno, bila kuificha njia yake. Waliomcheka wakaja kumuuliza. Sisi Waswahili tuna methali yetu: mgeni njoo, mwenyeji apone.

NINI HUTOKEA CHINI YA SHAMBA

Sasa tuingie chini, maana hapo ndipo penye shina la habari hii.

Mvua ikinyesha, maji mengine hutiririka juu ya ardhi na mengine huzama. Yanayozama hushuka mpaka yafike mahali ambapo vijitundu vyote vya udongo vimejaa. Mpaka wa juu wa sehemu hiyo iliyojaa ndio tunaouona tunapochungulia kisimani: ule uso wa maji. Hupanda wakati wa mvua na kushuka wakati wa kiangazi. Na maji hayo hayakai tuli. Hutembea polepole, kutoka mahali uso wake ulipo juu kwenda ulipo chini, mpaka yatokee kwenye chemchemi, kijito au mto. Safari hiyo inaweza kuchukua miezi, miaka, na mara nyingine makarne.

Mwaka 1856, miaka 18 baada ya Johnston kuanza kulaza vigae, mhandisi wa Kifaransa Henry Darcy, aliyeuletea mji wa Dijon maji safi, alichapisha kanuni inayoeleza mwendo huo. Kwa lugha nyepesi, kasi ya maji yanayopita katika udongo hutegemea mambo mawili: ukali wa mteremko wa maji yenyewe na urahisi wa udongo kuyapitisha. Kichanga hupitisha haraka, mfinyanzi hupitisha kwa shida sana. Johnston hakuwa na kanuni hiyo alipoanza. Alichokuwa nacho ni jicho la mkulima.

Ukiweka mrija mtupu ndani ya udongo uliojaa maji, umeweka mlango. Ndani ya mrija hakuna kinachoyabana maji, wakati nje yamebanwa na uzito wa maji yaliyo juu yake. Kwa hiyo maji ya pande zote huelekea pale: ya juu, ya ubavuni, hata ya chini ya mrija huinuka na kuingia. Uso wa maji hushuka karibu na mrija na kubaki umeinuka katikati ya mrija na mrija, kama matuta. Ndiyo maana katika mfinyanzi mitaro lazima ikaribiane, na katika kichanga inaweza kuachana.

Kuna jambo moja ambalo watu wengi hulielewa vibaya. Mrija haunyonyi unyevu wote. Maji yaliyoshikwa na chembe za udongo, ambayo mmea huyanywa, hubaki pale pale. Yanayotoka ni ya ziada tu, na uso wa maji ukishuka chini ya mrija, mrija hunyamaza. Mizizi ikipata hewa hushuka chini zaidi, na kiangazi kikija mmea huwa na uwezo wa kufuata unyevu ulio mbali. Kwa hiyo shamba lililotolewa maji linaweza kuvumilia jua kuliko lile lililokuwa limelowa. Hilo liliwashangaza sana watu wa enzi ya Johnston.

Lakini tazameni kilichobadilika. Maji yale yaliyokuwa yakizama na kutembea kwa miaka kuelekea kwenye kijito, sasa yanapewa njia ya mkato ya saa chache au siku chache. Sehemu ya maji iliyokuwa ishuke mpaka kwenye hazina ya chini kabisa inaweza kukatwa njiani. Yale yaliyokuwa yapite katika udongo wenye majani na miti kandokando ya kijito, ambako bakteria huyasafisha, sasa yanapita chini ya udongo huo ndani ya mrija na kumwagwa moja kwa moja mtoni. Kwa upande mwingine, maji yanayokimbia juu ya ardhi hupungua, na hivyo mmomonyoko hupungua. Ni faida na hasara katika mrija mmoja.

KUTOKA SHAMBA MOJA HADI MAMILIONI YA EKARI

Johnston alipokufa mwaka 1880, akiwa mtu wa makamo ya juu kabisa, alikuwa ameishi kuona jambo lake likitoka mikononi mwake. Serikali ya Marekani ilikuwa imepitisha sheria za mwaka 1849, 1850 na 1860 za kuyapa majimbo ardhi za vinamasi ili zikaushwe. Viwanda vya vigae vilienea. Mwaka 1882 vilihesabiwa zaidi ya 1,100, vingi vikiwa Ohio, Indiana na Illinois. Kinamasi kikubwa cha kaskazini magharibi ya Ohio, kilichoitwa Kinamasi Cheusi na kuogopwa kwa homa zake, kilikaushwa kikawa mashamba. Nyanda za Iowa na Illinois zilizokuwa madimbwi ya bata zikawa nchi ya mahindi na soya.

Tangu miaka ya 1960 vigae vya udongo vilianza kuachia nafasi mabomba ya plastiki yenye matundu, yanayolazwa na mashine inayoongozwa siku hizi na setilaiti. Hesabu ya kilimo ya mwaka 2017 ilionyesha kwamba zaidi ya ekari milioni 50 za Marekani zina mifereji ya chini ya ardhi, na jimbo la Iowa peke yake lina takriban milioni 14. Mkulima wa Iowa anayeuza mahindi leo anavuna kutokana na wazo la yule Mskoti wa ziwa Seneca.

DENI LILILOBAKI

Johnston alitia shambani samadi ya ng'ombe na kondoo wake. Hakujua mbolea za viwandani za naitrojeni, kwani zilianza kutengenezwa kwa wingi katika karne ya 20, yeye akiwa kaburini. Hapo ndipo mambo yalipogeuka. Mbolea, samadi na udongo wenyewe unaolimwa hutoa naitreti, na naitreti huyeyuka katika maji kama chumvi. Shamba lisilo na mrija huipitisha polepole, na sehemu yake huliwa na bakteria njiani. Shamba lenye mrija huipeleka mtoni ikiwa bado mbichi.

Mto hupeleka kwa mto, na mengi huishia katika Mississippi. Mississippi humwaga Ghuba ya Mexico, ambako kila kiangazi eneo kubwa la bahari hukosa hewa kwa sababu ya mbolea, na samaki hukimbia au kufa. Kule Toledo, Ohio, ukingoni mwa nchi iliyokuwa Kinamasi Cheusi, mwezi Agosti 2014 watu wapatao laki nne na zaidi waliambiwa wasiguse maji ya bomba kwa kunywa, kwa sababu ziwa Erie lilikuwa limejaa ukoga wenye sumu uliolishwa na fosforasi ya mashambani.

Na Des Moines, mji mkuu wa Iowa, ambako siku hizi utasikia Kiswahili cha Kongo na cha Burundi madukani na makanisani, mamlaka ya maji imekuwa ikipambana na naitreti kwa miongo mingi. Mwaka 2015 mamlaka hiyo ilizishitaki wilaya tatu za kilimo zilizo juu ya mto, ikidai kwamba mifereji ya chini ya ardhi ni bomba la uchafu kama bomba lolote la kiwanda na linapaswa kuwa na leseni. Mwaka 2017 mahakama ya shirikisho iliitupa kesi hiyo. Mwezi Juni 2025 wateja wa maji katika eneo zima la Des Moines walikatazwa kumwagilia nyasi za nyumba zao ili mitambo ya kuchuja naitreti isielemewe.

Hapa tuna neno kwa ndugu zetu, na tunaomba lisichukuliwe kwa wepesi. Kiwango kinachoruhusiwa na sheria ya Marekani ni miligramu 10 za naitrojeni ya naitreti katika lita moja ya maji. Kiwango hicho kiliwekwa kwa ajili ya watoto wachanga, maana naitreti ikizidi huifanya damu yao ishindwe kubeba hewa, na mtoto hugeuka rangi ya buluu. Sisi tumelelewa kwamba maji yenye shaka huchemshwa. Kwa vijidudu ni sawa. Kwa naitreti ni kosa: kuchemsha hakuiondoi, maji hupungua kwa mvuke na naitreti iliyobaki huwa kali zaidi. Mama anayemchanganyia mtoto maziwa ya unga asome tangazo la mamlaka ya maji, na likitaja naitreti atumie maji mengine. Na mwenye kupanga nyumba ya shambani yenye kisima ajue kwamba visima vya watu binafsi havilindwi na sheria ya maji ya kunywa ya shirikisho. Ni juu yake kuyapima, walau mara moja kwa mwaka.

DAWA ZIPO

Tusiseme kwamba njia imefungwa. Wataalamu wamebuni vidhibiti vinavyowekwa mwishoni mwa mifereji ili mkulima aweze kuuinua uso wa maji wakati hana haja ya kuyatoa, na kuushusha wakati wa kupanda. Kuna mashimo yaliyojazwa vipande vya mbao, ambamo maji ya mrija hupitishwa ili bakteria waile naitreti kabla maji hayajafika mtoni. Na kuna mbinu, iliyojaribiwa kwanza huko Iowa mwaka 2010, ya kuyaelekeza maji ya mrija yarudi ndani ya udongo wenye majani kandokando ya kijito, yapite pale yalipokuwa yakipita zamani. Kinachosumbua ni nani alipe. Faida iko kwa mwenye shamba, hasara iko kwa anayekunywa maji maili mia moja chini ya mto.

Swali hilo tunalijua hata katika Afrika yetu. Kule Rwanda, kinamasi cha Rugezi kilipotolewa maji kwa ajili ya kilimo, hazina iliyokuwa ikiyaachia maji kidogo kidogo ilivunjika. Ziwa Burera likashuka, na mwaka 2003 na 2004 mtambo wa umeme wa Ntaruka ukapungukiwa maji, nchi ikaingia katika uhaba wa umeme. Serikali ilisimamisha kilimo katika kinamasi kile ili kipone, na wakulima waliokuwa wakikitegemea wakabeba mzigo wao. Kule mitaro ilikuwa ya wazi na si ya vigae, lakini kanuni ya maji ni ile ile. Anayeyaharakisha maji mahali pamoja ameyabadilisha kwa mwingine.

JOHNSTON TUMHUKUMU VIPI?

Nyumba ya Johnston ingali imesimama karibu na Geneva, na mna makumbusho ya vigae vya mifereji vya umbo la kila namna. Jirani yake ni jumba la Rose Hill la mkwewe. Mtu anayepita anaweza kudhani kwamba hizo ni taka za mfinyanzi. Kumbe ni mashine iliyogeuza uso wa nchi.

Sisi hatuoni haki kumlaumu mtu wa 1838 kwa mbolea ya leo. Alikuwa na udongo mgumu, deni na familia, na alitumia ujuzi aliotoka nao nyumbani. Aliufundisha bure kwa kila aliyeuliza. Hayo ni maisha ya heshima. Makosa, kama yapo, ni ya waliokuja baada yake, walioona mavuno mara tano wakaacha kuuliza yale maji yanakwenda wapi. Yalikuwa yakienda kwa jirani wa chini tangu siku ya kwanza. Ziwa Seneca lilikuwa kubwa na mashamba yalikuwa machache, kwa hiyo hakuna aliyeona.

Leo mashamba ni mengi na waliopo chini ya mto ni wengi zaidi, na baadhi yao ni sisi. Wale mlio Des Moines, Toledo na miji mingine ya nyanda zile, mikutano ya mamlaka za maji iko wazi kwa kila mkazi, awe raia au asiwe. Nendeni mkasikilize, na mkiweza semeni. Mhamiaji mmoja alikuja na vielelezo vya vigae akabadilisha njia ya maji ya nchi hii. Hatuoni kwa nini wahamiaji wengine wasiwe miongoni mwa watakaoisafisha.